Shajara ya mradi: historia ya sarafu ya shaba iliyopatikana Bahi

Shajara hii inafuatilia sarafu moja iliyopatikana kwa detekta (kifaa cha kutambua madini yaliyofukiwa) mwaka 2009 katika wilaya ya Bahi, magharibi mwa jiji la Dodoma, na ambayo tangu hapo ilikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga bila mtu yeyote kuandika ilikotoka. Aliyeipata ni mjomba wangu, aliyekuwa ameandamana na wachimbaji wadogo waliosikia tetesi za dhahabu kwenye makorongo ya upande huo. Sikukusudia kujua bei yake. Nilikusudia kuirudishia mahali pake: ilitengenezwa wapi, ilifikaje Ugogo, yaani nchi ya Wagogo, watu waliitumia vipi na kwa nini iliachwa pale ilipokutwa. Kitu kinachotolewa ardhini bila kumbukumbu hupoteza nusu ya historia yake siku hiyohiyo, na kuitafuta nusu hiyo ndiyo kazi inayoelezwa hapa. Hatua za kawaida nimezifupisha. Palipokwama nimepaeleza kwa urefu, kwa kuwa ndipo atakayeanza kazi kama hii atakapohitaji msaada. Jina la kijiji na alama za mahali penyewe nimeziacha kwa makusudi.

18 Februari 2024: Yaliyomo ndani ya kopo

Kopo lilikuwa na vitu viwili, sarafu na ganda tupu la risasi. Sarafu imefunikwa na kutu ya kijani pande zote mbili, ina kipenyo cha milimita 29 hivi na uzito wa gramu 11.32, na imetobolewa tundu dogo karibu na ukingo. Ukingoni kuna pia mkwaruzo wa tupa, ambao mjomba anasema ulitiwa na mmoja wa wachimbaji siku ileile ili kuona kama ndani kuna dhahabu.

Nyumbani imeitwa rupia tangu siku ya kwanza, na jina hilo limeleta wageni. Anayeishi mikoa ya kati anazijua habari za watu wanaozunguka vijijini wakiulizia "rupia ya Mjerumani" na kuahidi mamilioni, na anayajua pia mashimo yanayochimbwa usiku kuzunguka maboma ya zamani na chini ya mibuyu kwa imani kwamba Wajerumani walizika mali kabla ya kuondoka. Rupia halisi haina siri yoyote. Ni sarafu ya fedha yenye gramu 11.66 na usafi wa 917 kwa 1,000, iliyotolewa kwanza na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1890 na baadaye na serikali ya kikoloni. Iligawanywa kwa pesa 64, na kuanzia mwaka 1904 kwa heller 100. Kipenyo chake kinazidi kidogo milimita 30. Sarafu yetu basi iliikaribia rupia kwa ukubwa na kwa uzito, na mtu aliyeipima kwa macho angeweza kulikubali jina hilo kwa nia njema kabisa. Swali la kwanza likawa kama chini ya kutu kuna fedha au la.

2 Machi 2024: Kusafisha, na tuliyokataa kufanya

Kila aliyeonyeshwa sarafu alikuwa na dawa yake: ndimu na chumvi, ukwaju, majivu, tindikali ya betri, dawa ya kung'arishia vyombo. Tumezikataa zote, na naomba anayefuata shajara hii azikatae pia, hata kama sarafu yake inaonekana kuwa imeharibika tayari. Ikiwa kitu ni cha shaba ya njano, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, tindikali huila zinki kwanza na kuacha juu tabaka la shaba tupu lenye rangi ya waridi. Mtu atafurahi kuona kinang'aa, kumbe amefuta dalili iliyokuwa ikitofautisha madini mawili. Zaidi ya hayo, maandishi ya sarafu iliyozikwa kwa muda mrefu mara nyingi hubaki ndani ya kutu yenyewe, si chini yake. Ukiitoa kutu, umeyatoa na maandishi.

Tulichofanya ni kuilaza sarafu ndani ya maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri za magari, na kuyabadilisha kila yalipochafuka. Dukani lazima kusoma lebo kwa makini, kwa sababu chupa ya maji na chupa ya tindikali hukaa rafu moja na hufanana umbo. Udongo uliolainika tuliuondoa kwa mwiba wa mgunga chini ya lenzi ya sonara, bila kuparuza. Kazi hii ilikwenda polepole na haikubadilisha sana sura ya sarafu, lakini ilifungua tundu, na tundu hilo ndilo lililokuja kuwa ushahidi mkubwa kuliko maandishi.

Ndani ya tundu kuta zina kutu ileile ya kijani iliyo usoni. Mkwaruzo wa tupa, ambao tunajua ni wa mwaka 2009, una rangi ya njano iliyofifia tu. Maana yake tundu lilitobolewa kabla ya sarafu kuingia ardhini. Upande mmoja madini yamesukumwa na kuacha kingo zilizoinuka, kama inavyotokea msumari unapogongwa, na upande wa juu wa tundu, ule unaoelekea ukingo, umelika na kuwa laini hata tundu limerefuka kidogo. Uzi au waya ulipita hapo kwa muda mrefu.

24 Machi 2024: Kupima ndani ya maji

Sumaku haisaidii chochote katika suala hili, kwa kuwa haivuti fedha, haivuti shaba wala shaba ya njano. Kilichobaki ni densiti, yaani uzito wa kitu ukigawanywa kwa ujazo wake. Fedha ya rupia ina takriban gramu 10.3 kwa kila sentimita ya ujazo, shaba tupu ina 8.9, na shaba ya njano ya aina inayotumika kutengenezea maganda ya risasi ina takriban 8.5.

Njia ni rahisi. Weka kikombe chepesi cha maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi mwembamba mpaka izame yote bila kugusa kando wala chini. Namba inayosomeka kwa gramu ndiyo ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito wake mkavu kwa namba hiyo. Mizani ya jikoni haifai. Kwa uzito wetu wa gramu 11.32, shaba tupu ingesoma 1.27 na shaba ya njano 1.33, tofauti ambayo huonekana tu kwenye mizani ya sonara inayopima hadi sehemu ya mia ya gramu.

Vipimo vya kwanza vilitoa 1.47, yaani densiti ya 7.7, ambayo si ya fedha, si ya shaba, wala si ya kitu chochote tulichokitarajia. Chanzo kilikuwa viputo vya hewa vilivyonasa kwenye mashimo madogo ya kutu na ndani ya tundu, vikaongeza ujazo usiokuwepo. Dawa yake ilikuwa kuyachemsha maji peke yake ili hewa itoke, kuyaacha yapoe kabisa, kutia tone moja la sabuni ya vyombo, na kuiacha sarafu imezama usiku kucha kabla ya kupima. Baada ya hapo namba zilitulia kwenye 1.33 na densiti ya 8.5. Rupia ikaondoka mezani siku hiyo, na mjomba aliipokea habari hiyo kwa utulivu mkubwa kuliko nilivyotegemea.

21 Aprili 2024: Herufi moja

Kusoma maandishi kulifanyika usiku, taa zimezimwa, kwa tochi ya simu iliyolazwa karibu sawa na meza ili mwanga upite juu ya uso wa sarafu kutoka pembeni. Picha moja haitoshi. Kila upande ulipigwa mwanga kutoka pande zote nne, kisha picha zikalinganishwa. Karatasi na penseli hatukuthubutu kutumia, kwa kuwa kutu ilikuwa dhaifu mno kustahimili shinikizo.

Upande mmoja ulionyesha taji, sehemu ya herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, Afrika Mashariki ya Kijerumani) na tarakimu za mwaka ambazo moja imelika: 19, nafasi, 6. Upande wa pili kuna sehemu ya tawi la majani, tarakimu 20, na chini yake herufi T iliyo wazi kabisa. Herufi hiyo ilimaliza ubishi. Sarafu za koloni zilizotoka Ujerumani zilibeba A ya Berlin au J ya Hamburg. T ni ya Tabora, na Tabora ilitengeneza sarafu mwaka mmoja tu, 1916.

Vita ilipoanza mwaka 1914, manowari za Uingereza zilifunga pwani na sarafu mpya zikaacha kufika. Koloni lilihitaji kulipa askari, wapagazi na wauza chakula, na noti za karatasi zilizochapishwa hapahapa hazikutosha wala hazikuaminiwa sana. Ndipo karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kuwa kiwanda cha fedha. Zilitoka heller 5 za shaba ya njano, heller 20 za shaba ya njano na nyingine za shaba nyekundu, yaani shaba tupu, na rupia 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zenye picha ya tembo. Hizo za dhahabu zilitengenezwa 16,198 tu, na nadhani sehemu ya ndoto za mali iliyozikwa inatokana nazo. Heller 20 zilikuwa fedha ya kila siku, zilitengenezwa kwa wingi na haraka, na nyingi bado zipo mikononi mwa wakusanyaji.

Wanaozichambua heller 20 huzigawa kwa ukubwa wa taji na kwa ncha za herufi L katika neno Heller, kama zimepinda au zimechongoka. Taji letu ni kubwa. Herufi L zote mbili zimeliwa na kutu, na nimeandika "haijulikani" bila kujaribu kukisia.

12 Mei 2024: Kifaa kilichotoa jibu lisilolingana

Kwa kuwa heller 20 zipo za shaba nyekundu na za shaba ya njano, nilitaka ushahidi wa pili juu ya densiti. Mnunuzi mmoja wa madini alikubali kwa ukarimu kuielekezea sarafu kifaa chake cha eksirei, kile kinachopimia dhahabu. Usoni kilisoma shaba nyingi mno na zinki kidogo sana. Kwa jibu hilo sarafu ingekuwa ya shaba nyekundu, kinyume na maji yalivyosema.

Ilichukua muda kuelewa kwamba vipimo vyote viwili vilikuwa sahihi. Kifaa kile husoma ngozi ya juu tu, na ardhi ya Bahi yenye chumvichumvi ilikwisha kufanya kwa miongo mingi kazi ileile ambayo ndimu ingeifanya kwa saa chache: kuivuta zinki kutoka kwenye tabaka la nje. Maji hupima sarafu nzima, ngozi na nyama. Tukarudia kipimo kwenye mkwaruzo wa tupa, mahali pekee ambapo ndani panaonekana, na zinki ikapanda hadi karibu theluthi moja. Ni shaba ya njano. Sitamshauri mtu yeyote aipige tupa sarafu ya kale, lakini kwa hii jeraha lilikuwepo tayari na likasema kweli.

Wakusanyaji wamekuwa wakieleza kwa miaka mingi kwamba shaba ya njano ya Tabora ilitokana na maganda ya risasi na mizinga yaliyoyeyushwa. Kiwango tulichopata hakipingani na maelezo hayo. Hakiyathibitishi pia, kwa sababu shaba ya kiwango hicho ilikuwa na matumizi mengine mengi katika karakana ya reli.

9 Juni 2024: Ganda la risasi na hadithi iliyopendeza mno

Ganda lililokuwa ndani ya kopo lina urefu wa milimita 60 na mdomo wa milimita 11, vipimo vya risasi ya bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, iliyotumia baruti ya moshi. Askari wengi wa jeshi la kikoloni la Kijerumani bado walikuwa na bunduki hizo za kizamani vita ilipoanza. Historia ya vita nayo ilijipanga vizuri. Kikosi cha Jenerali Jacob van Deventer kilitelemka kutoka Kondoa, kikaingia Dodoma tarehe 29 Julai 1916, na siku chache baadaye kikafika Kilimatinde kwa upande wa magharibi. Sarafu ya 1916, ganda la askari, eneo lililo kati ya Dodoma na Kilimatinde: hadithi ya askari aliyeanguka akirudi nyuma ilijiandika yenyewe, na katika familia ilipendwa mara moja.

Ilianguka kwa swali moja. Badala ya kumwuliza mjomba "mlivipata wapi vitu hivi", nilimwuliza juu ya kila kitu peke yake, kwa nyakati tofauti: nani alikuwa karibu, ardhi ilikuwaje, kilikuwa kina gani, walikwenda wapi baada ya hapo. Ganda, alikumbuka, hakulipata yeye. Alipewa na mchimbaji mwenzake aliyeliokota kando ya tuta la reli karibu na Kigwe, na likatiwa koponi kwa sababu kopo lilikuwa karibu. Vitu viwili vilivyokaa pamoja miaka kumi na mitano vilikuwa vimeanza kuonekana ndugu.

Kwa mwenye mkusanyo wa aina hii, hapa ndipo pa kutulia zaidi. Kila kitu kipewe karatasi yake kabla ya maelezo yoyote kuandikwa, na ukaribu wa vitu ndani ya chombo usichukuliwe kuwa ukaribu ardhini. Na mwenye kukutana na risasi nzima asiiguse wala kuihamisha, awaite polisi.

13 Julai 2024: Mahame

Tulisubiri mavuno ya mtama na uwele yaishe ili ardhi ionekane. Mjomba hakuweza kupatambua mahali: korongo limehama upande mmoja kwa mvua za miaka hii, na njia ya ng'ombe aliyoikumbuka haipo tena. Kutembeatembea kwa kukisia kulituchosha bila faida. Kilichosaidia ni kumwomba akumbuke alikuwa akiona nini alipoinuka baada ya kuchimba. Alikumbuka mbuyu wenye vigogo viwili ukiwa umefunika kilele cha kilima fulani. Mstari huo mmoja, kutoka kwenye kilima kupitia mbuyu, ulitupa njia ya kufuata kwa dira, na umbali kutoka korongo la zamani, ambalo mchanga wake bado unaonekana, ukatupa sehemu ya kusimama. Nakadiria kwamba tuko ndani ya mita 60 za mahali halisi.

Hatukubeba detekta na hatukuchimba. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inataka leseni kwa uchimbaji wa kutafuta mabaki ya kale. Hata pasipo sheria, tundu lingine lingeharibu kilekile tunachokitafuta. Tulitazama tu. Kuna safu ya minyaa iliyokua na kuzeeka kwa umbo la pembe, kama ua uliosahauliwa. Kuna nusu ya jiwe la kusagia, vigae vya vyungu, na sehemu pana ya udongo wa kijivu ambapo majani huota kwa wingi kuliko pembeni, dalili ya zizi la zamani. Huko nyumbani tulikuwa tukisema "porini". Palikuwa mahame, makazi yaliyoachwa na watu.

Bibi mmoja wa kijiji cha jirani, mwenye umri unaozidi miaka 80, alitupokea baada ya salamu zote za Kigogo za mbukwenyi na kutusikiliza mpaka mwisho. "Wajukuu zangu, hapo si porini," alisema. "Hapo palikuwa na matembe, tukahamishwa wakati wa Operesheni," yaani watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Alieleza kwamba alipokuwa msichana sarafu zilizotobolewa zilivaliwa shingoni pamoja na shanga, na kwamba nyingine zilikuwa za wazee waliozipata kwa kubeba mizigo wakati wa vita. Nilipompa sarafu yetu aliishika kwa muda, akaligusa tundu kwa kidole, akasema hawezi kudai kwamba anaijua hii yenyewe kwa sababu nyingi zilifanana. Uangalifu huo umenifanya niyaamini zaidi mengine aliyosema.

25 Agosti 2024: Ramani na mita mia tatu

Maneno ya mzee yanastahili kulinganishwa na karatasi, kama vile karatasi inavyostahili kulinganishwa na maneno ya mzee. Ramani za Kijerumani za kipimo cha 1:300,000, zilizoandaliwa na Paul Sprigade na Max Moisel na kuchapishwa Berlin, zinaonyesha njia na visima, lakini kwa kipimo hicho kaya moja haiwezi kuonekana. Nilihitaji ramani za 1:50,000 za mfululizo wa Y742, zilizochorwa kutokana na picha za ndege kabla ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Humo nyumba zimewekwa kama nukta.

Ramani iliingizwa kwenye programu ya ramani ya QGIS, ambayo ni ya bure, na nukta ya GPS ikawekwa juu yake. Ikaangukia mahali patupu, pasipo nyumba hata moja, na kwa muda ushahidi wa bibi ulionekana kupingwa. Kumbe simu hutumia mfumo wa kupimia mahali uitwao WGS84, ilhali ramani hizi zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, na kwa maeneo yetu namba za simu zikiwekwa moja kwa moja kwenye gridi ya ramani huangukia takriban mita 300 kusini mwa mahali pake. Hitilafu hiyo haionekani kwa jicho, programu haitoi onyo lolote, na mita 300 zinatosha kuivusha kaya ng'ambo ya korongo. Nilipoitambulisha ramani kwa mfumo wake wa Arc 1960 na kuiacha programu ibadilishe yenyewe, nukta ilisogea kaskazini na kutua kando ya kundi dogo la nyumba, kwa umbali uliomo ndani ya makadirio yetu ya mita 60.

29 Septemba 2024: Kati ya karakana na shingo

Safari ya Dar es Salaam, safari hii kwa treni ya umeme, ilikuwa ya kutazama sarafu nyingine za Tabora na kusoma nilichoweza kuhusu miaka iliyofuata. Gazeti la Kijerumani la Dar es Salaam, lililoishia mwaka 1916 na ambalo sasa linasomeka mtandaoni, lilinipa kazi nyingi na matunda machache. Herufi zake za kizamani huchanganya programu za kutambua maandishi, na katika nakala nilizopitia sikukuta habari za sarafu mpya kufika upande wetu. Njia hiyo nimeiacha.

Reli peke yake inatosha kueleza uwezekano wa safari. Ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914, na sarafu iliyotoka karakana ya Tabora ingeweza kufika stesheni ya Bahi kwa siku chache mpaka mwishoni mwa Julai 1916. Ingeweza pia kuja baadaye kwa miguu, mfukoni mwa mpagazi aliyerejea. Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916 na utengenezaji ukawa umekoma.

Lililonizuia kusonga mbele haraka ni jambo lililofuata. Kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ulipita kwenye njaa ya Mtunya. Majeshi yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, pande zote mbili za vita, kisha mvua zikakosekana. Maelfu walikufa, wengine wakatawanyika na hawakurudi. Nimeona mara nyingi sarafu za 1916 zikielezwa kama vitu vya kuvutia vya vita ya Wazungu, na sijaona mahali popote katika maelezo hayo Mtunya ikitajwa, ilhali watu waliolipwa kwa heller hizi ndio waliokutwa na njaa hiyo wakati fedha haikuwa na cha kununua. Historia ya sarafu iliyopatikana Ugogo isiyoitaja Mtunya haijakamilika, hata kama vipimo vyake vyote ni sahihi.

Baadaye shilingi ya Afrika Mashariki ilianza kutolewa, mwaka 1921, na fedha ya zamani ikapoteza kazi yake sokoni. Heller iliyokuwa haiwezi tena kununua kitu ilikuwa bado inaweza kuvaliwa.

10 Novemba 2024: Tamko la sasa, gharama na hifadhi

Ninayoyaandika kama hakika ni haya: ni heller 20 ya shaba ya njano, ya Tabora, ya mwaka 1916, yenye taji kubwa; ilitobolewa kwa kitu chenye ncha na kuning'inizwa muda mrefu kabla ya kuzikwa; na ilikutwa ndani au kando ya mahame yaliyokuwa na watu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ninayoyaona kuwa ya kuaminika, ingawa hayajathibitishwa, ni kwamba ilikuwa pambo la shingoni na ilipotea nyumbani kwa watu. Askari wa hadithi ya kwanza hana ushahidi wowote, na ganda la risasi sasa lina karatasi yake yenyewe inayosema Kigwe. Nani aliitoboa, na kama aliipata kwa jasho la mzigo au kwa biashara, sijapata njia ya kujua.

Mizani ya sonara iligharimu shilingi 45,000, lenzi 12,000, na maji yaliyosafishwa pamoja na bahasha za kuhifadhia 9,000. Ramani pamoja na usafirishaji wake ilifika 30,000. Nauli ndizo zilizomeza fedha nyingi, takriban 190,000 kwa Bahi na Dar es Salaam kwa pamoja, na kipimo cha eksirei kilitolewa bure. Anayeanza na fedha kidogo anunue mizani kwanza na ramani pili.

Mgeni mwingine alikuja mwezi uliopita kuulizia rupia. Mjomba alimwonyesha karatasi ya vipimo, akamweleza kwamba ni heller ya shaba, na mgeni akaondoka bila kutaja bei. Familia imekubaliana kwamba sarafu haitauzwa. Imewekwa ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na tindikali, pamoja na kifuko cha kunyonya unyevu, na nakala za picha, vipimo na maelezo ya mahali zimekabidhiwa ofisi ya kijiji kwa sharti kwamba alama za mahali zisibandikwe hadharani. Upimaji wa viwanja umeanza kusogea upande ule. Kabla mvua hazijafunga njia tutapiga picha za safu ya minyaa na za udongo wa zizi, na kuandika majina ya kaya zilizokaa pale kama bibi na wenzake wanavyozikumbuka.